Mwethya wa Sentensi

Mwezi uliopita chaja ya mtu iliungua ofisini kwetu. Halikuwa jambo la kusimulia: moshi kidogo, mlio kidogo, mtu akaichomoa ukutani akaitupa kwenye pipa la taka, na wenzangu wakarudi kwenye kazi zao. Mimi nilibaki nimekaa tu. Ile harufu ya plastiki iliyopata moto ilinishika kooni, na kwa muda sikuwa tena mtu mzima mwenye kitambulisho na kodi ya nyumba. Nilikuwa mtoto, niko Emali, mji mdogo wa barabara ya Mombasa, nimekaa sakafuni karibu na jiko, ndengu zinachemka, na mama yangu yuko kitandani na laptopu yake, anasoma Kiingereza cha watu huku midomo ikimcheza bila kutoa sauti.

Chumba chetu kilikuwa kwenye ploti moja ya vyumba vya kupanga, nyuma ya maduka, upande wa reli. Lori zito likipita barabarani, sufuria zilitetemeka kwenye misumari yake. Laptopu ya Mama ilikuwa kuukuu na ilipata moto upesi, kwa hiyo aliiweka juu ya karai lililofudikizwa, isije ikamchomea godoro. Chaja aliilaza juu ya kifuniko cha sufuria. Ilikuwa na harufu yake, ile niliyokutana nayo tena ofisini, na mimi niliipenda. Ukiisikia harufu hiyo ujue Mama yuko kazini na jioni tutakula.

Kabla ya hapo alikuwa mwalimu wa Kiingereza. Si wa serikali; aliandikwa na wazazi wa shule moja ndogo, na wazazi walipochoka kuchanga akaambiwa asante. Watu wa ploti waliendelea kumwita Mwalimu, maana cheo hicho kwetu hakivuliwi. Rafiki yake wa chuoni ndiye aliyemwonyesha kazi ya mtandaoni. Kazi yenyewe ilikuwa hivi: sentensi zinaletwa kutoka kwa watu asiowajua, yeye anazisoma moja moja, anarekebisha sarufi, kisha anahakikisha zote zimekaa upande mmoja, ama Kiingereza cha Uingereza ama cha Marekani, kama alivyotaka mwenyewe. Ole wako uchanganye. "Colour" yenye u ikipenya kwa Mmarekani, alama zinakatwa. "Gotten" ikipenya kwa Mwingereza, zinakatwa pia. Alama zikishuka sana unafungiwa mlango, na hakuna anayekuja kukuuliza kulikuwa na shida gani nyumbani.

Hayo nayajua sasa. Wakati ule nilielewa kivyangu. Kwa vile Mwingereza na Mmarekani walitajwa chumbani mwetu kutwa kucha, nilidhani ni wanaume wawili majirani wenye kesi ya mpaka. Nilikuwa nimeona kesi kama hizo kijijini kwa babu yangu huko Kitui, watu wamesimama kwenye mstari wa katani, kila mmoja anaapa kwamba ule mkatani ni wake. Nikajua basi Mama ndiye aliyeitwa kuamua. Alikuwa akinong'ona peke yake, "Hii ni ya Mwingereza. Hii ni ya Mmarekani. Na hii jamani ni ya nani?" Mwingereza nilimpa kofia na koti zito, mzee mkali lakini mwenye haki zake. Mmarekani nilimpa gari kubwa na meno mengi.

Jioni Mama akifunga laptopu, akijinyoosha mgongo mpaka mifupa inalia, nilimuuliza, "Leo nani ameshinda?"

"Mmarekani."

"Tena?"

"Tena. Huyo ndiye ana kazi nyingi."

Nilimhurumia Mwingereza sana. Nilimuombea hata kwenye maombi ya usiku, baada ya susu na umau, na Mama alikuwa akiuma shuka asicheke.

Susu ni nyanya yangu, mama yake Mama, na umau ni babu. Hao walikuwa Kitui, na jambo la kufahamu ni kwamba susu alikuwa akinitaka. Baba alikuwa na nyumba nyingine Mombasa, na hiyo ndiyo aliyoiita nyumbani. Juu yake sina zaidi. Nikiwa mdogo zaidi susu alikuja Emali akasema mwanamke peke yake kwenye mji wa malori hawezi kulea mtoto wa kike. Mama akakataa. Walibishana mpaka chai ikapoa, na mwisho susu akasema neno ambalo nililisikia vizuri kwa sababu hakuna aliyejali kama nasikia.

"Haya, kaa naye. Lakini siku kazi itakataa, usinilazie huyu mtoto njaa. Uniletee."

"Nitakuletea, mwaitu," Mama akasema. Mwaitu ndiyo mama, kwa Kikamba.

Tangu siku hiyo nilijua kati yangu na Kitui kuna laptopu. Sikuwa na ubaya wowote na Kitui. Kulikuwa na mbuzi, na umau alikuwa akinipa maziwa ya moto hata kama sijafanya kazi. Lakini Mama hakuwa huko, na mimi nilikuwa mtoto wa kulala nimeshika nguo ya mama yangu. Stima ikipotea na laptopu ikaanza kulia kuomba chaja, niliacha chochote nilichoshika. Nilikuwa nakimbia hadi dukani kwa Bi. Zuhura, mwenye ploti, mama wa Kiislamu ambaye watu wake walitoka pwani zamani, kumuuliza stima inarudi saa ngapi. Naye ananiambia, "Mwanangu, mimi nauza sukari, siuzi umeme."

Kisha umau akafa. Ilikuwa wakati wa palizi. Mama alipokea simu akiwa amesimama mlangoni, akateremka taratibu mpaka akakaa kwenye ngazi, na viatu vyake vikabaki vimeelekea barabarani kama vya mtu anayetoka. Ilibidi aende Kitui akae na susu mpaka mazishi na siku za baadaye. Mimi nilikuwa kwenye mitihani, kwa hiyo niliachwa kwa Mwalimu Kasiva.

Mwalimu Kasiva alikuwa mwalimu mstaafu, mrefu, mkavu, miwani imening'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Alikuwa amemfundisha Mama Kiingereza Mama akiwa mtoto, na mpaka leo sijakutana na mtu anayeiheshimu herufi kama yeye. Nyumba yake ilikuwa nje kidogo ya mji, na yeye ndiye aliyekuwa mwenyekiti wa mwethya wa akina mama wa upande ule. Mwethya ni kazi ya kusaidiana: leo tunalima kwako, kesho kwangu, na aliyefiwa au aliyejifungua shamba lake linalimwa bila yeye kuomba. Wengi wa kundi lile walikuwa walimu, wa sasa na wa zamani. Walipalilia mahindi huku wakisahihishana Kiingereza, na mimi niliona ni jambo la kawaida kabisa.

Mama alipoleta nguo zangu alileta na laptopu, imefungwa ndani ya leso. Akaunti yake ilikuwa na masharti. Ikilala wiki nzima bila kazi, inapewa mtu mwingine. Na sharti lingine, mtu mmoja, akaunti moja. Mama alilijua hilo, na nilimwona akizungusha pindo la leso kidoleni kabla ya kusema.

"Mwalimu, unifanyie kidogo. Kidogo tu, wajue niko."

"Wewe nenda umlilie baba yako," Mwalimu Kasiva akamwambia. "Shamba lako halitalala."

Mama akamshika mikono yote miwili. Alikuwa amechoka hata kulia. Naamini alisikia "kidogo," kwa sababu ndilo alilolisema yeye. Mwalimu Kasiva naye alisikia kwamba mtoto wake wa shule amefiwa na ana shamba lisilolimwa, na kwa jambo hilo kulikuwa na njia moja tu aliyoijua.

Kesho yake nikitoka shule nilikuta uwanja umejaa. Akina mama walikuwa wamekuja kama wanavyokuja shambani, leso kiunoni, mmoja na birika, mwingine na viazi vitamu vilivyochemshwa. Badala ya majembe, walikuwa na simu. Ndunge, binti aliyemaliza chuo mwaka ule na ambaye hakuwa amepata kazi, alikuwa ameleta laptopu yake, na ya dada yake, na alikuwa akizunguka akiwaingiza kila mmoja kwenye akaunti ya Mama. Mwalimu Kasiva alikuwa amekalia kiti cha plastiki mbele ya laptopu yetu, miwani machoni, wima kabisa. Bi. Zuhura alikuja na sukari ya chai, akasimama kuangalia.

"Nyie leo mwalima wapi?" akauliza.

"Amerika," Ndunge akajibu, na uwanja mzima ukacheka.

Nilifurahi jinsi sijawahi kufurahi. Nilikaa katikati yao nikila viazi, nikisikia ile kesi ya majirani wawili ikiamuliwa kwa sauti, si kwa kunong'ona kama nyumbani. Na kwa mara ya kwanza Mwingereza alikuwa na mtu wa kumtetea.

"'Gotten' si neno," Mwalimu Kasiva alisema. "Nimefundisha hii lugha kabla nyinyi mzaliwe. Toa."

"Mwalimu, lakini huko ni neno," Ndunge akasema.

"Huko wapi?"

"Amerika."

"Basi wakae nalo huko. Toa."

"Mwalimu, huyu mwenye hii kazi ndiye ako huko."

"Na mimi niko hapa. Toa, Ndunge."

Alipogeuka kupuliza chai, Ndunge alirudisha. Mama mwingine, aliyefundisha darasa la chini, aliona afadhali asimuudhi yeyote, akawa anaweka moja ya Mwingereza, moja ya Mmarekani, kama mtu anayegawia watoto pipi. Mwingine alisahihisha sentensi nzuri akaifanya ndefu zaidi, kwa sababu aliiona inakosa adabu. Walipokuwa wanaelekea kumaliza fungu, sentensi mpya zilimwagika, na wao wakashangilia wakazirukia. Kwenye mwethya ukiona shamba bado ni kubwa hupunguzi mwendo. Ilikuwa hivyo siku zote za juma lile, isipokuwa siku ya mazishi tulipokwenda Kitui sote na kurudi. Mwalimu Kasiva aliwaambia, "Kidole kimoja hakivunji chawa," na hakuna aliyewahi kusema neno la kweli kuliko hilo mahali pasipofaa hivyo.

Mama aliporudi walikuwa wamempikia chapati. Alikuwa amekonda na kitambaa kimemkaa vibaya kichwani. Walimkalisha, wakampa chai, wakamwimbia wimbo wa kumpa pole, kisha Mwalimu Kasiva akasimama kutoa ripoti kama anayesoma matokeo ya mtihani.

"Tumelima yote," akasema.

Mama alitabasamu. "Yote gani, mwalimu?"

"Yote waliyoleta. Wakileta, tunamaliza. Wakileta, tunamaliza. Mpaka wakakosa ya kuleta."

"Na mlikuwa wangapi?"

"Sisi sote!" Ndunge akasema. "Hata kwa simu. Hujui vile tumekusukumia hiyo kitu."

Nilikuwa nimeegemea goti la Mama, kwa hiyo nilisikia mguu wake ukikaza. Uso wake haukubadilika. Alikitua kikombe chini polepole, akawaangalia mmoja mmoja, hao wanawake waliokuwa wameacha palizi yao wakati wa palizi, na vidole vyao vilikuwa bado na udongo kwenye kucha. "Asanteni," akasema. "Mungu awabariki." Akaomba chapati nyingine akaila yote, na mimi nilidhani ana njaa.

Nimekuwa mkubwa na sasa najua alichokiona pale. Mtu mmoja aliyekuwa akisoma sentensi zake taratibu, kwa namna moja, kwa muda mrefu, ghafla alikuwa ameanza kusoma kama soko. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa mkali wa Uingereza, saa ileile alikuwa kijana wa Marekani, na dakika hiyohiyo alikuwa pande zote mbili. Hakulala, hakuchoka, alikuwa anafanya kazi mahali pengi kwa mpigo. Huko mbali waliona tapeli. Hawakuwa na njia ya kuona birika wala viazi.

Kwa siku chache hakukutokea kitu, na nadhani Mama alianza kujidanganya, kwa sababu alianza tena kunitania. Kisha asubuhi moja alifungua laptopu na hakukuwa na sentensi. Kulikuwa na maneno machache tu. Aliyasoma, akayasoma tena. Chaja ilikuwa imeanza kutoa ile harufu yake. Mimi, mpumbavu wa watu, nilikuwa navaa soksi, nikamuuliza, "Leo nani ameshinda?"

"Nenda shule," Mama akasema.

Nikasimama tu. Sikuwahi kuambiwa niende shule kwa sauti ile.

Jioni akina mama walikuwa wamejazana chumbani mwetu. Sijui nani aliwaambia; Emali habari hutembea yenyewe. Mwalimu Kasiva alikuwa amesimama karibu na mlango, hakutaka kukaa, ingawa Mama alimsukumia kiti.

"Ofisi yao iko wapi?" akauliza.

"Hawana ofisi, mwalimu."

"Kila kitu kiko na ofisi. Hata kama ni Nairobi, tutaenda. Tutasema ni sisi. Wewe ulikuwa matangani, wewe hujui kitu."

"Hakuna ofisi. Sijui mahali walipo."

"Mkubwa wao?"

"Simjui."

"Namba ya simu?"

Mama alitikisa kichwa. Wale wanawake walitazamana. Lazima niseme ukweli kuhusu watu wetu: kukosea wanajua, na kuomba msamaha wanajua zaidi. Kule Kitui nilikuwa nimeona watu wakija kwa umau na sukari, na mbuzi, na mtu wa kuwasemea, na mwisho wa siku waliogombana wanakula sahani moja. Pale chumbani kila mmoja alikuwa tayari kusema ni mimi. Walikuwa wanasukumana kulichukua lile kosa, na hapakuwa na pa kulipeleka.

"Wanakula mbuzi?" nikamuuliza Mama. "Huko Amerika?"

Mama akacheka. Alicheka kwa nguvu, wote wakaanza kucheka naye, kisha kicheko chake kikageuka, na wao wakatazama chini. Ndunge alinivuta kwake akanikumbatia.

Chini ya yale maneno ya kufungiwa kulikuwa na mahali pa kuandika ukiwa na malalamiko. Basi wakaamua kuandika. Chumba kizima cha walimu wa Kiingereza kilikaa kutunga ombi moja. Walilitunga vizuri. Walieleza kifo, walieleza mwethya ni nini, walieleza kwamba mwenye akaunti ni mwaminifu na ana mtoto. Walipofika kwenye neno la kuomba radhi, "apologise," Ndunge alisema polepole, "Mwalimu, hawa ni wa Amerika. Hapo wawekee z."

Mwalimu Kasiva ndiye aliyekuwa anachapa. Maisha yake yote neno lile alikuwa ameliandika kwa s, na watoto walioliandika kwa z aliwatolea kalamu nyekundu. Alikaa kidogo, vidole hewani. Kisha akatafuta z kule chini ya kibodi, akaibonyeza. Alivua miwani akaifuta kwa leso ingawa haikuwa chafu. Mimi nilihisi aibu bila kujua ni ya nini.

Wakatuma. Bi. Zuhura alikuwa ameleta chai, na Ndunge alikuwa bado anamimina kikombe cha kwanza laptopu ilipolia. Jibu lilikuwa limefika. Mama akalisoma kwa sauti. Yalikuwa maneno yale yale ya asubuhi, hata koma zilikuwa palepale, na mwisho wake uamuzi ulikuwa hauwezi kubadilishwa.

"Lakini hawajasoma," Mwalimu Kasiva akasema. "Mtu hawezi kusoma yote hayo haraka hivyo. Tuma tena."

"Si mtu, mwalimu."

"Si mtu ni nani?"

Walituma tena, na jibu likaja tena. Walituma mara nyingine baada ya chai, kwa maneno mengine, ya unyenyekevu zaidi, na Mwalimu Kasiva akaandika jina lake mwenyewe na shule alizofundisha. Likaja lile lile. Kulipoanza kuingia giza waliondoka mmoja mmoja, kila mmoja akimshika Mama mkono kama watu wanaotoka kwenye mazishi, na kwa kweli wengi wao walikuwa wameushika mkono ule kwa sababu hiyo hiyo siku chache tu nyuma.

Mama alijaribu. Aliomba akaunti nyingine, wakamkataa kwa jina. Aliomba shule, na shule zilikuwa na walimu waliokuwa wakilipwa kwa ahadi. Aliuza ndengu siku za soko. Na palizi ilipofika zamu ya shamba la Mwalimu Kasiva, Mama alichukua jembe akaenda, akalima toka asubuhi mpaka saa ya kula, bega kwa bega na wale wale. Niliwaona. Mwalimu Kasiva alikuwa analia huku anapalilia, na Mama alikuwa anampalilia mstari wake pamoja na wa kwake. Nilitamani sana Mama amgombeze. Nilitamani mtu yeyote amgombeze mtu yeyote. Mpaka leo hasira ile ninayo, na nimeitafutia mwenyewe kila mahali, na kila ninapofika namkuta mama mmoja ana birika la chai.

Susu alikuja mwenyewe shule zilipofungwa. Hakuja kwa shari. Alikuwa bado katika matanga, amenyoa kichwa, na alikaa kitandani pale ambapo laptopu ilikuwa ikikaa.

"Nani amekunyima kazi?" akamuuliza Mama.

"Simjui jina, mwaitu."

"Humjui? Umemfanyia kazi miaka yote hiyo?"

"Simjui."

Susu aliwaza. "Basi hata wa kumlaani hatuna," akasema, na akaanza kukunja nguo zangu.

Sikulia siku ile. Nilikuwa nimejiambia kwamba Mwingereza na Mmarekani watapatana, na wakishapatana watamwita tena Mama, na mimi nitarudi. Mama alinifunga kamba za viatu ingawa nilijua kufunga. Alizifunga, akazifungua, akazifunga upya.

Chumba cha Emali alikiacha. Alihamia Salama, kwenye barabara kuu, akawa anauza machungwa na chai kwa wasafiri, akilala chumba kimoja na wanawake wengine wawili, mahali ambapo mtoto asingeweza kukaa hata likizo. Kwa hiyo ni yeye aliyekuja Kitui, akipata nafasi. Mwanzoni nilikuwa nakimbia njia nzima hadi kwenye mto mkavu kumpokea, na usiku nilimshika nguo. Halafu nafasi zikawa chache. Nilikua. Nilijua kukamua mbuzi, nilijua kunyamaza susu akiomba, nilikuwa na marafiki ambao yeye hakuwajua majina. Kikamba changu kilikuwa cha kule, chake kilikuwa kimechanganyika na cha barabarani. Hakuna aliyefanya vibaya. Susu alinipenda, nilikula, nilisoma.

Mara moja alikuja baada ya kukaa muda mrefu sana. Alikuwa amevaa nguo nzuri na ameleta mkate na majani ya chai. Susu alichinja kuku. Nilipika mimi, nikaandaa meza, nikachukua jagi la maji ya vuguvugu na beseni na taulo begani, kama susu alivyonifundisha, nikapiga goti kidogo, nikaanza na mgeni.

"Karibu unawe," nikasema. "Karibu sana."

Mama aliinua macho akaniangalia. Susu, upande wa pili wa meza, aliacha kugawa ugali. Nilikuwa nimeshainamisha jagi, maji yalikuwa yanamwagika, na sikujua la kusema ambalo lingeyarudisha. Mama akanyoosha mikono yake chini ya maji. Alinawa mmoja, akanawa wa pili, akachukua taulo begani kwangu.

"Asante," akaniambia, kwa adabu zote.